Mwezi Mmoja Uliokosekana Kwenye Faili

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja. Niliisoma nimesimama mlangoni, mkoba bado uko begani. Ilisema ombi langu la kulipiwa upasuaji wa kupunguza uzito halikukubaliwa kwa kuwa "hakuna uthibitisho wa mahudhurio ya kliniki ya lishe kwa miezi sita mfululizo."

Nilikaa kwenye kiti cha karibu nikaanza kuhesabu kwa vidole. Mahudhurio sita ninayo. Ila kati ya la tatu na la nne kuna mwezi mzima ulioruka, na mwezi huo naujua siku kwa siku, kwa sababu ndio mwezi niliomzika mama yangu.

Jioni ile sikula, sikuongea na mtu. Nilijiambia kwamba basi, wameshaamua mimi ni mtu nisiyestahili. Ilinichukua karibu wiki mbili kuelewa kwamba watu walioandika barua ile hawakuwa wamenifikiria mimi hata kidogo. Walikuwa wamepewa faili lenye karatasi sitini na kitu, na orodha ya vitu vya kukagua, na kitu kimoja hakikuonekana. Naandika makala hii kwa ajili ya mtu aliyeshika barua kama hiyo leo, akiwa katika zile wiki mbili.

Mimi nilifika huko kwa sababu ya usingizi. Binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na mitano wakati huo, alikuja kulala chumbani kwangu siku baba yake aliposafiri. Asubuhi akaniuliza, "Mama, unajua kwamba ukilala unaacha kupumua?" Nikadhani anazungumzia kukoroma, kukoroma nilikujua. Akasema hapana. Alikuwa amekaa kitandani usiku akihesabu kimoyomoyo tangu pumzi inapokatika hadi inaporudi kwa kishindo. Mara moja alifika ishirini na mbili. Mtoto hakulala usiku ule. Alikuwa ananilinda.

Nikaenda kwa daktari wetu wa siku zote. Alinipima presha, ikawa juu, kama ilivyokuwa juu miaka sita nyuma yake. Akanipandisha kwenye mzani: kilo 108. Urefu wangu ni mita 1.62. Akakaa, akavua miwani, akasema, "Mama, tumeongeza dawa ya presha mara tatu. Nataka nikupe rufaa ukaonane na daktari wa upasuaji, mzungumze kuhusu kupunguza tumbo." Sikuwa nimewahi kufikiria hivyo. Wala sikujua kwamba neno rufaa nitaondoka nalo kwenye mlango ule nikiwa nimelipewa, kisha mwaka mmoja na zaidi baadaye nitalazimika kulikata.

Daktari wa upasuaji alinieleza kwa utulivu, akichora kwenye karatasi. Aina aliyonipendekezea mimi huondoa sehemu kubwa ya tumbo la chakula, kama robo tatu au zaidi kidogo, na kinachobaki kinakuwa kama mrija mwembamba. Nilidhani faida yake ni udogo tu, kwamba chombo kikiwa kidogo hubeba kidogo. Akasema kuna zaidi ya hapo. Mwaka 1999 watafiti wa Japani waligundua homoni inayoitwa ghrelini, ambayo huamsha njaa, na sehemu ya tumbo inayoitengeneza kwa wingi ndiyo hiyo inayoondolewa. Nilimwomba arudie. Nilikuwa nimeishi miaka ishirini nikiamini kwamba njaa yangu ni tabia mbaya, na huyu mtu ananiambia njaa ina kiwanda na kiwanda kina mahali pake.

Kisha akanituma kwenye dawati la bima la hospitali, ghorofa ya chini.

Dada wa dawati lile nitamshukuru mpaka mwisho, ingawa hata yeye alipotoka kidogo, nitaeleza. Kitu cha kwanza alichoniuliza hakikuhusu uzito. Aliuliza, "Una uhakika mkataba wenu haukuutoa upasuaji huu?" Iko mikataba ambayo imeandika wazi kwamba matibabu ya unene hayalipiwi kabisa, kwa hali yoyote, na kama wako ni wa aina hiyo basi hata ukiwa na faili safi namna gani utaambiwa hapana. Njia zinazobaki hapo ni kuzungumza na mwajiri abadilishe mkataba, au kusubiri muda wa kubadilisha mpango. Kwa hiyo hilo liulize kwanza, kabla hujapima chochote, na uliombe kwa maandishi. Wetu haukuwa umeutoa. Ulikuwa umeuwekea masharti.

Masharti yenyewe aliyasoma kwenye fomu: BMI ya 40 kwenda juu, au 35 kwenda juu pamoja na ugonjwa unaotokana na uzito. Historia ya kujaribu kupungua kwa njia nyingine. Kliniki ya lishe miezi sita mfululizo. Tathmini ya mwanasaikolojia. Barua ya daktari inayoeleza kwa nini upasuaji ni hitaji la kitabibu. Vipimo vya damu, moyo, na vingine kulingana na hali ya mtu.

Nikauliza hizo 40 na 35 zimetoka wapi. Hakujua, na si kosa lake. Nilitafuta mwenyewe baadaye. BMI ni uzito kwa kilo ugawanywe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Hesabu hiyo ilibuniwa na Mbelgiji Adolphe Quetelet katika miaka ya 1830, mtu wa takwimu na nyota, aliyekuwa akitafuta vipimo vya binadamu wa wastani. Hakuwa daktari na hakuwa anatafuta mgonjwa. Jina la BMI lililetwa na Ancel Keys mwaka 1972. Na ile mistari ya 40 na 35 iliwekwa na mkutano wa wataalamu ulioitishwa na taasisi za taifa za afya za Marekani mwaka 1991. Mwaka 2022 chama cha madaktari wa upasuaji huu cha Marekani pamoja na shirikisho lao la kimataifa walitoa mwongozo mpya: kuanzia 35 mtu apendekezewe upasuaji hata kama hana ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 afikiriwe ikiwa ana ugonjwa kama kisukari. Lakini fomu iliyokuwa mezani ilikuwa bado inazungumza lugha ya 1991, na mimi nilihukumiwa kwa fomu ile. Wangu ilikuwa 41. Nimepita, nikawaza.

Swali lililonitoa jasho ni la historia ya kujaribu.

Nimejaribu kupungua tangu nikiwa na miaka ishirini na moja. Nimetembea, nimekimbia, nimejinyima, nimejiunga na vikundi, nimekunywa vitu ambavyo hadi leo nikivikumbuka ulimi unakunja. Nilishapungua kilo kumi na nane kwa mwaka mmoja, na watu wakanipongeza barabarani, kisha zikarudi ishirini na tatu. Dada wa dawati akanisikiliza yote, akaweka kalamu mezani, akaniuliza, "Kuna mahali imeandikwa?"

Hakuna. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbe na jitihada pia. Miaka ishirini ya kujitesa mbele ya bima ilikuwa sawa na sifuri, kwa sababu hakuna daktari aliyekuwa ameiandika na mimi sikuwa nimeidai iandikwe.

Siku hiyo hiyo nilinunua daftari. La kawaida, jalada gumu la bluu. Na nikaanza kazi ya kukusanya. Nilirudi kila kliniki niliyowahi kutibiwa nikiomba nakala za kumbukumbu, na nikagundua kwamba miaka yangu haikupotea yote. Kwenye karatasi za presha uzito ulikuwa umeandikwa. Kwenye kadi ya ujauzito wa mwanangu wa pili uzito ulikuwa umeandikwa. Daktari mmoja miaka minane nyuma alikuwa ameandika kwa mwandiko wa haraka: "ashauriwa mazoezi, amejaribu, anarudi na maumivu ya goti." Sentensi hiyo moja niliipiga picha, nikaitolea kopi, nikaipa ukurasa wake. Ukiwa unaanza safari hii anzia hapo. Uzito wako uko umetawanyika kwenye karatasi za magonjwa mengine.

Kuhusu kujaribu na kushindwa, kuna jambo nililolisoma kipindi hicho na likanisaidia kunyanyua kichwa. Huyo Ancel Keys wa BMI, mwaka 1944 na 1945 kule Minnesota alisimamia jaribio la wanaume 36 wenye afya waliojitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita, ili ijulikane namna ya kuwasaidia watu waliokumbwa na njaa ya vita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Wakawa wanaota chakula, wanakiongelea kutwa, wanasoma vitabu vya mapishi, wanakuwa wakali na wenye huzuni. Hawa walikuwa vijana wembamba, wenye nia, waliochaguliwa kwa uimara wao. Mwili ukinyimwa hupigana, na hauchagui mwenye nidhamu wala asiye nayo.

Kliniki ya lishe ikaanza. Mtaalamu wangu alikuwa msichana mdogo kwangu kwa miaka kumi na tano, na alikuwa na tabia njema ya kuandika mbele yangu huku akinisomea anachoandika. Tarehe, uzito, presha, tulichokubaliana mwezi uliopita, nilichofanya, nilichoshindwa, tulichokubaliana mwezi huu, sahihi. Nikasema na mimi nitaandika vivyo hivyo kwenye daftari langu. Nilimpenda kwa sababu hakunifundisha kwamba mboga ni nzuri, kitu ninachokijua tangu utotoni. Alinifundisha kutafuna, kutenganisha kunywa na kula, kula taratibu kama mtu anayekula na mgeni. Mambo ambayo yangenifaa baada ya upasuaji.

Hapo ndipo nilipokutana na mtego ambao sikuwa nimeambiwa na mtu. Nilikuwa napungua. Kidogo kidogo, lakini napungua, kwa kuwa nilikuwa nafanya kwa moyo wote. Siku ya hudhurio la sita nilipanda mzani nikasoma 104. Nilifurahi. Mtaalamu wangu akapiga hesabu, akanyamaza.

"Mama, sasa ni 39.6."

Nilikuwa nimetii, na kutii kumeniondoa kwenye mstari wa 40. Sasa nilikuwa mtu wa kundi la pili, lile la 35 pamoja na ugonjwa, na ugonjwa lazima uwe na karatasi. Chama kile cha madaktari wa Marekani kimekwisha kutoa tamko kwamba sharti la bima la kumlazimisha mgonjwa apungue kwanza halina msingi wa kisayansi, na mimi nakubaliana nao kwa nguvu zangu zote. Mgonjwa wa moyo haambiwi ajitibu moyo kwa miezi sita ili aonyeshe kwamba anastahili kutibiwa. Lakini sharti lilikuwepo, na ugomvi nalo ningeugombana nikiwa nimepona.

Kuna mikataba inayohesabu BMI ya siku ya kwanza ya mpango, na mingine huhesabu ya siku ya ombi. Uliza wako unahesabu ipi. Fomu yangu haikusema, kwa hiyo tukaamua kujenga kundi la pili kana kwamba la kwanza halipo. Presha ilikuwa na karatasi za miaka sita. Lililokosekana ni lile lililonipeleka hospitali tangu mwanzo: usingizi. Sikuwa nimepimwa. Nilikuwa na ushahidi wa mtoto aliyehesabu hadi ishirini na mbili gizani, na ushahidi huo haupigwi muhuri.

Nikalala usiku mmoja kwenye chumba cha kipimo, nyaya kichwani, mkanda kifuani, kibanio kidoleni. Majibu: pumzi yangu ilikatika au kupungua mara 34 kwa saa. Kuanzia mara 30 wataalamu huita hali hiyo kali. Nilipeleka nakala nyumbani nikamwonyesha binti yangu. Aliisoma, akaikunja vizuri, akasema, "Nilikuambia." Na akalia kidogo, nami pia.

Mwanasaikolojia sitamwelezea kwa kirefu. Nilimwogopa bure. Nilidhani anatafuta sababu ya kunizuia, na nilikuwa nimejiandaa kujibu kama mtu anayeomba kazi. Alichotaka kujua ni kama naelewa kwamba vitamini nitameza maisha yangu yote, kama nina historia ya huzuni kubwa au ulevi, na nani nyumbani atakayekuwa upande wangu siku ngumu. Nilimwambia ukweli, na ukweli ulitosha.

Sasa nirudi kwenye ule mwezi.

Mama aliugua siku tisa. Sikuwa nakumbuka kliniki, sikuwa nakumbuka daftari, sikukumbuka hata dawa yangu ya presha. Siku ya miadi ilipofika nilikuwa nimekaa sakafuni na dada zangu. Nesi wa kliniki alipiga simu, dada yangu akapokea, akamweleza, nesi akatoa pole na kusema, "Mwambieni asiwe na wasiwasi, aje akiwa tayari." Ni maneno ya ubinadamu, na niliyapokea hivyo. Nilirudi mwezi uliofuata. Mtaalamu wangu akanishika mkono, akaniuliza habari za mama, kisha tukaendelea na hudhurio la nne. Hakuna aliyeandika mahali popote kwa nini mwezi mmoja haupo. Kwenye faili palikuwa na tarehe, halafu pengo, halafu tarehe.

Pengo hilo ndilo bima waliloliona.

Barua ilipokuja, daktari wa upasuaji alisema atazungumza nao. Kuna utaratibu huo, daktari wako anampigia simu daktari wa kampuni ya bima, wanazungumza wao kwa wao, na mara nyingi hukata mzizi wa fitina bila maandishi mengi. Alipiga akiwa kati ya wagonjwa wawili. Alimweleza presha, usingizi, hatari. Alimtajia utafiti wa Sweden ulioanza mwaka 1987 na kufuatilia watu zaidi ya elfu nne, ambao mwaka 2007 ulionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji walikufa wachache kuliko wenzao waliotibiwa kwa njia za kawaida. Yule wa upande wa pili, ambaye hakuwa daktari wa upasuaji, alikuwa mpole. Akasema hana ugomvi na tiba. Tatizo ni miezi sita mfululizo, na mfululizo haukutimia. Nianze upya.

Nianze upya. Miezi sita mingine, pumzi ikikatika mara 34 kila saa.

Nilikaribia kukubali. Nakiri hilo kwa sababu najua wako wengi wanaokubali, na hakuna anayewahesabu. Nilichoka. Nilikuwa na msiba. Kilichonigeuza ni sentensi ndogo chini ya barua, kwa herufi ndogo kuliko nyingine: mwanachama ana haki ya kukata rufaa ndani ya siku 60, na ana haki ya kupewa nyaraka zilizotumika kufikia uamuzi.

Nyaraka zilizotumika. Nikajiuliza, mimi mwenyewe nimewahi kuuona mkataba? Nilichokuwa nacho ni kijitabu cha rangi chenye picha za familia zinazotabasamu. Huo si mkataba, ni muhtasari. Mkataba kamili ulikuwa ofisi ya utumishi kazini kwangu, kwa sababu aliyesaini na kampuni ya bima ni mwajiri. Niliandika barua pepe ya mistari mitatu kuuomba. Ulikuja baada ya siku nne, kurasa 87.

Niliusoma usiku, mezani, na rula chini ya kila mstari kama mtoto anayejifunza kusoma. Ukurasa wa 52 nikaufikia. Kipengele cha upasuaji wa unene. Kilisema mwanachama awe ameshiriki "mpango wa lishe unaosimamiwa na mtaalamu, usiopungua miezi sita, ndani ya miezi 24 kabla ya ombi."

Nikasoma tena. Nikamwamsha mume wangu, nikampa asome yeye, bila kumwambia natafuta nini. Akasoma, akaniuliza, "Mfululizo iko wapi?"

Haikuwepo. Neno mfululizo lilikuwa kwenye fomu ya ukaguzi, lilikuwa mdomoni mwa mtu wa simu, lilikuwa kwenye dawati la hospitali kwa sababu dada yule aliisoma fomu na kuiamini, lilikuwa kwenye barua ya kunikatalia, na daktari wangu na daktari wao walilijadili kwenye simu kana kwamba liko. Kwenye mkataba halikuwemo. Mtu mmoja mahali fulani aliliandika kwenye fomu, na baada yake kila mtu alilirudia.

Rufaa yangu ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Nilitaka kuandika kurasa kumi, kuhusu mama, kuhusu binti yangu, kuhusu miaka ishirini. Dada wa dawati, ambaye alinipigia kuniomba radhi nilipomweleza, akanishauri nifupishe. "Anayesoma ana mafaili mengi mezani. Mpe kitu anachoweza kukisoma akiwa amesimama." Basi nikaanza na kipengele chenyewe, neno kwa neno, na namba ya ukurasa. Chini yake nikapanga tarehe sita, na uzito wa kila tarehe, na jina la aliyesaini. Chini yake sentensi moja: mpango ulidumu miezi saba, mahudhurio sita yakakamilika, mwezi mmoja haukuhudhuriwa kwa sababu ya kifo cha mzazi, cheti kimeambatishwa. Halafu majibu ya usingizi. Halafu ombi kwamba rufaa isomwe na daktari mwenye taaluma ya upasuaji huu, na asiwe yule wa mara ya kwanza. Mtaalamu wangu wa lishe akaandika barua yake fupi akieleza kilichotokea kliniki mwezi ule, na akaitia tarehe ya siku aliyoiandika. Hakutaka kurudisha tarehe nyuma, nami nilimheshimu zaidi kwa hilo. Faili la kweli lenye pengo lililoelezwa lina nguvu kuliko faili lililorembwa.

Niliipeleka kwa mkono. Nilikwenda na nakala ya pili na nikaomba igongwe muhuri wa kupokelewa, na nikaandika jina la aliyeipokea. Kila simu niliyopiga baada ya hapo niliiandika kwenye daftari: siku, saa, nimeongea na nani, amesema nini. Simu ya pili mtu aliniambia hawaoni rufaa yoyote kwenye kompyuta yao. Nikamsomea tarehe ya muhuri na jina. Akaniambia nisubiri. Akaipata.

Siku ya 23 kibali kikaja. Hiki nacho kilikuwa ukurasa mmoja, na kilikuwa na tarehe ya kuisha: siku 90. Angalia hilo. Kibali kikiisha kabla ya upasuaji unarudi mwanzo, kwa hiyo siku hiyo hiyo nilipiga hospitali kupanga tarehe. Nikauliza pia, kwa maandishi, kama ufuatiliaji wa baadaye unalipiwa, yaani kliniki, vipimo vya damu vya kila mwaka, na matatizo yakitokea. Usidhani kibali cha upasuaji kinabeba na yanayoufuata.

Imepita miezi kumi na minne tangu niingie chumba cha upasuaji. Mzani unasoma 79. Presha natumia kidonge kimoja badala ya vitatu. Nilirudia kipimo cha usingizi, na daktari akasema mashine ya kupumulia ambayo nilikuwa nimeanza kuvaa usiku naweza kuiweka kabatini. Kuna asubuhi kiungulia kinanisumbua, jambo ambalo nilionywa kabla, na vidonge vya kalsiamu, madini ya chuma na vitamini B12 viko kando ya mswaki wangu nisivisahau. Binti yangu amekwenda chuo. Usiku wa kuondoka kwake alilala chumbani kwangu, na safari hii alilala mpaka asubuhi.

Daftari la bluu liko kwenye droo ya kitanda. Kila hudhurio lina ukurasa wake, isipokuwa kati ya la tatu na la nne, ambapo niliacha ukurasa mtupu wakati ule, sijui kwa nini. Juzi nililitoa. Nilikuwa bado nina nakala moja ya cheti cha mama iliyobaki kwenye zile nilizotoa kwa ajili ya rufaa. Niliibandika pale, nikaandika tarehe ya miadi ile, na chini yake nikaandika kwa mwandiko ule ule wa kurasa nyingine: Sikuhudhuria. Nilikuwa kwa mama.